Brashi za roboti ya kufagia huharibikia kwenye ncha: namna ya kuzisafisha na kuzitunza katika nyumba zetu

Mwanzilishi wa uzi, Nakuru

Ninatengeneza vifaa vya umeme vya nyumbani hapa Nakuru, na siku hizi roboti za kufagia zinaletwa mezani kwangu mara kwa mara kutoka Milimani, Section 58, Kiamunyi na hata Njoro. Malalamiko ya wenyewe hufanana: roboti imepungua nguvu, chaji haidumu, inapita juu ya makombo bila kuyaokota, au inasimama katikati ya sebule na kudai brashi yake ikaguliwe. Wengi huja wakiwa wameshaamini kwamba mota imeungua au betri imekufa, na baadhi yao wamekwisha kuulizia bei ya betri mpya. Mara nyingi nikiipindua mashine ninakiona chanzo cha tatizo kabla sijashika bisibisi, kwa kuwa brashi kuu imekabwa na nywele kwenye ncha zake na haiwezi tena kuzunguka ipasavyo.

Nimefungua uzi huu wa mjadala kwa ajili ya jambo moja ambalo vijitabu vya maelekezo hulitaja kwa ufupi sana kisha vikaendelea na mengine. Brashi ya roboti huharibikia kwenye ncha, si katikati. Mtu hutazama sehemu ya katikati, akaona ni safi, akairudisha brashi mahali pake akiwa ameridhika, ilhali uchafu unaoimaliza mashine umejificha ndani ya vifuniko viwili vidogo vya pembeni.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi ya brashi hizi. Roboti nyingi zina brashi za aina mbili. Brashi ya pembeni ni ile yenye mikono mitatu au zaidi, inayozunguka kando ya mashine na kuusukuma uchafu wa kwenye kuta na pembe uelekee katikati. Brashi kuu imelala chini ya tumbo la mashine. Hiyo ndiyo inayopiga sakafu, ikauinua uchafu na kuurusha kwenye mdomo wa kasha la vumbi, ambako feni huupokea na kuuvuta ndani. Feni ya roboti ni ndogo, na betri yake haiwezi kuipa mvuto mkubwa kama wa mashine ya kufyonza vumbi inayochomekwa ukutani, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanywa na brashi. Nyuzi za brashi au mbavu zake za mpira zisipoifikia sakafu, kuongeza mvuto kwenye programu ya simu hakusaidii kitu, isipokuwa kumaliza chaji upesi na kuongeza kelele.

Unywele mrefu unapookotwa hujizungushia brashi, na kwa kuwa brashi inaendelea kuzunguka, unywele huo husogea kidogo kidogo hadi kwenye ncha, mahali ambapo mhimili ni mwembamba. Hapo huingia katika mwanya ulio kati ya brashi na kifuniko cha beringi, yaani kipande kinachoushika mhimili ili uzunguke bila kukwama, ukafuatwa na mwingine, na mwingine, hadi mwanya ukajaa. Katika nyumba zetu nywele zenyewe si za kichwani pekee. Nywele za bandia za kusukia ni nyuzi za plastiki, ndefu, imara na zenye kuteleza, na jioni ambayo mtu anafumua nywele sebuleni ni jioni ambayo roboti haifai kuwashwa mpaka sakafu ipitiwe kwa ufagio. Nyuzi hizo hazikatiki upesi, na zikibanwa kwenye mhimili unaozunguka kwa kasi, joto la msuguano huzilainisha hadi zikashikamana. Kuna brashi moja ambayo kwenye ncha yake nilitoa pete nyeusi ya unene wa karibu nusu sentimita, ngumu kiasi kwamba wembe uliteleza juu yake, na chini ya pete hiyo plastiki ya kifuniko ilikuwa imeyeyuka upande mmoja na kuacha alama inayong'aa. Katikati ya brashi hiyohiyo palikuwa safi kabisa, maana mwenyewe alikuwa akipasafisha kwa bidii kila Jumamosi.

Juu ya nywele kuna vumbi. Udongo wa huku kwetu una asili ya majivu ya volkano ya Menengai, na katika miezi ya kiangazi, kuanzia Januari hadi mvua za masika zitakapoanza, vumbi lake laini hupenya hata pale madirisha yalipofungwa. Chembe zake ni kali. Zikichanganyika na nywele na mafuta ya kichwani ndani ya beringi, hufanya kazi ya msasa: tundu lililokuwa duara hupanuka, brashi huanza kuyumba, na mashine hutoa mgurumo usiokuwapo zamani. Beringi ikifikia hali hiyo hakuna usafishaji utakaoirudisha. Ni kununua nyingine.

Mota ya brashi ikikutana na mzigo huvuta umeme mwingi kuliko kawaida, na ndiyo sababu betri hulaumiwa bure. Mzigo ukizidi, mashine huisimamisha brashi ili kuilinda mota, kisha ikatoa ujumbe. Katika roboti nyingi za Roomba ujumbe huo ni hitilafu nambari 2. Katika zile za Roborock, nyingi zake, nambari 5 ni ya brashi kuu na nambari 6 ni ya brashi ya pembeni. Ninawasihi msiubonyeze ujumbe huo uondoke ili mashine iendelee na safari yake. Kila mara inapolazimishwa, mota na gia zake hulipa.

Sasa usafishaji wenyewe. Zima mashine kabisa, si kuisimamisha tu, kwa sababu roboti iliyosimamishwa inaweza kuamka vidole vyako vikiwa ndani. Toa kasha la vumbi kabla ya kuipindua, la sivyo vumbi lote litarudi kwenye feni. Ilaze juu ya taulo ili kioo au mnara wa leza usikwaruzike, bonyeza vibano vya fremu ya brashi, uiinue fremu, kisha utoe brashi. Tazama ncha zake kwa makini, na ikiwezekana uzipige picha kwa simu, kwa kuwa mara nyingi ncha moja ni ya mraba au yenye pembe sita na nyingine ni ya duara, na brashi huingia kwa namna moja tu. Watu hulazimisha upande usio wake, fremu ikakataa kufunga, wakaisukuma hadi kibano kikavunjika.

Baada ya hapo chomoa vifuniko vya ncha. Vingine huvutwa moja kwa moja, vingine huzungushwa kidogo kwanza, na katika baadhi ya mashine ni ncha moja tu inayofunguka. Kifaa bora zaidi kwa kazi ya kukata nywele ni kile kikulabu kidogo chenye makali ambacho mafundi cherehani hukitumia kufumulia mishono. Hupatikana katika duka lolote la vifaa vya ushonaji na kinafaa kuliko kisu cha jikoni. Kata kwa kufuata urefu wa brashi, ukipitisha kikulabu chini ya nywele na kukiinua, ili makali yasiiguse mbavu ya mpira. Mpira uliokwaruzwa huanza kupasuka kutoka palepale. Nywele zilizobaki ndani ya kifuniko zivute kwa kibano cha mkono cha kunyofolea hadi uone plastiki tupu pande zote.

Mahali ambapo karibu kila mtu hupasahau ni ndani ya mashine yenyewe, kwenye kile kitundu kinachoipokea ncha ya brashi na kuizungusha. Nywele hujikusanya pale pia, na mtu akirudisha brashi safi kwenye kitundu kichafu atakuwa amefanya nusu ya kazi. Tumia mswaki wa zamani uliokauka na kibano. Msipake mafuta ya aina yoyote, yawe ya kupikia, ya cherehani au grisi, kwa sababu katika nyumba yenye vumbi mafuta huligeuza vumbi kuwa tope linaloganda ndani ya beringi. Kabla ya kufunga, shika kifuniko kwa mkono mmoja na uizungushe brashi kwa mwingine: inapaswa kuzunguka bila kukwama na bila kuyumba.

Brashi ya pembeni haina maneno mengi. Nyingi hushikwa na skrubu moja ya nyota, nyingine huvutwa tu zikatoka. Iondoe kabisa, kwa maana nywele zinazoisumbua huwa chini yake, zimejizungushia kijimhimili kinachotoka kwenye gia. Mikono iliyopinda hunyooka ikichovywa kwa muda mfupi katika maji ya moto, kisha ikalazwa ikauke ikiwa imenyooka. Tumieni bisibisi ya kipimo sahihi, kwani kichwa cha skrubu hiyo ni laini na kikishalika inabidi kitobolewe.

Kuhusu ratiba, programu za simu za Xiaomi na Roborock huonyesha saa zilizobaki: kwa kawaida saa 300 kwa brashi kuu, saa 200 kwa brashi ya pembeni, saa 150 kwa kichujio, na saa 30 kabla ya kupangusa vihisi, yaani macho ya mashine. Hesabu hiyo hupima muda ambao mashine imefanya kazi. Haijui iwapo ndani ya nyumba kuna mabinti wanne wenye nywele za kusuka, au iwapo barabara ya mtaani haina lami. Kwa nyumba yenye nywele nyingi ninashauri ncha zifunguliwe kila wiki, na kwa nyumba nyingine kila baada ya wiki mbili. Wakati wa kiangazi kichujio kikung'utwe kila mashine inapomaliza kazi, kwa sababu kichujio kilichoziba huacha uchafu ukirudi kwenye brashi.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji wa Nyamasaria, Kisumu

Fundi, ninashukuru kwa maelezo ya kina. Sisi huku tuna jambo ambalo sijaona likitajwa katika kijitabu chochote. Siku za mwezi mwandamo wale wadudu wadogo wa ziwani huja kwa makundi, hufuata mwanga wa taa, na asubuhi sakafu ya sebule na ya veranda huwa imefunikwa na mizoga yao. Roboti yangu imepangiwa kuanza saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo huwa ya kwanza kukutana nao. Brashi yake ya mpira hutoka ikiwa imepakwa uji wa kijivu unaonuka samaki, na ukikauka haufutiki kwa kitambaa kikavu. Je, ninaweza kuiosha kwa maji na sabuni, au nitaharibu beringi? Aidha, udongo wetu mweusi wa uwanda wa Kano huganda sana ukipata unyevu, nami ninahofia ule ulioingia kwenye ncha.

Mwanzilishi wa uzi, Nakuru

Dada, hofu yako kuhusu udongo mweusi ni ya haki, na ndiyo inayonifanya nijibu swali la maji kwa tahadhari. Mpira wenyewe hauogopi maji. Kinachoogopa maji ni ncha. Udongo wa mfinyanzi ukilowa ndani ya beringi kisha ukauka, huishika brashi hadi mota ishindwe kuianzisha. Kwa hiyo anza kwa kuchomoa vifuniko na kuzisafisha ncha zikiwa kavu. Kisha tazama kijitabu cha mashine yako: kikiruhusu kuosha, suuza sehemu ya mpira pekee kwa maji ya uvuguvugu, kisiporuhusu, ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa vizuri, ukikiacha kitambaa juu ya ule uji kwa dakika chache ili ulainike. Usitumie dawa za kuua viini wala za kung'arishia nguo nyeupe, kwa kuwa huukausha mpira. Ianike kivulini penye upepo hadi ikauke kabisa. Jua la Kisumu litaikausha upesi, lakini mpira unaoanikwa juani mara kwa mara hukakamaa, na ukikakamaa hauikumbatii tena sakafu.

Hata hivyo ningeanzia kwenye ratiba. Siku ambazo wadudu wamekuja, ahirisha zamu ya asubuhi na upitishe ufagio kwanza. Mwili wa mdudu huyo ni laini na una unyevu. Brashi inayozunguka kwa kasi humponda kabla hajafika kwenye kasha, na unyevu huohuo hushikisha vumbi kwenye kichujio. Tatizo lako la harufu huenda liko kwenye kichujio zaidi kuliko kwenye brashi. Kama kimeandikwa kuwa kinaoshwa, kioshe kwa maji matupu na ukipe angalau saa 24 kikauke kabla ya kukirudisha. Kama hakikuandikwa hivyo, kikung'ute tu, na kikiendelea kunuka ukibadilishe, kwa maana kichujio cha karatasi kikilowa huwa kimekwisha.

Mchangiaji wa Elgon View, Eldoret

Ninaheshimu uzoefu wa fundi, lakini kuhusu maji naona amekuwa mkali kupita kiasi. Brashi yangu ni ya mpira mtupu, haina nyuzi, nami huiosha kwenye karai kwa sabuni ya vyombo kila mwisho wa mwezi bila kuiona ikidhurika. Shida yangu ni zulia. Tuna zulia la manyoya marefu sebuleni kwa sababu ya baridi ya huku, na kila wiki mashine hukwama juu yake ikiwa imemeza nyuzi za ukingo. Pia ningependa kuuliza kama haingekuwa rahisi zaidi kununua brashi mbili au tatu kwa pamoja na kuzibadilisha zinapochoka, badala ya kutumia jioni nzima na kibano.

Mwanzilishi wa uzi, Nakuru

Ndugu, brashi yako ni ya aina ambayo huvumilia maji kuliko zote. Roboti zenye mapipa mawili ya mpira yanayozunguka kwa kuelekeana, ambazo Roomba ilianza nazo katika mashine za mfululizo wa 800 mwaka 2013, zilibuniwa kwa kusudi la kupunguza nywele zinazojizungusha. Zimepunguza kweli, lakini hazikuondoa, na nywele zinazobaki huenda kwenye ncha vilevile. Ninaposisitiza tahadhari ninawafikiria walio na brashi ya mchanganyiko, yenye nyuzi za nailoni katikati ya mbavu za mpira, kwa sababu mizizi ya nyuzi hizo hushika maji kwa muda mrefu, na mtu akiirudisha mapema vumbi hushikamana nayo zamu ya kwanza tu. Kwa hiyo endelea na karai lako, mradi vifuniko vya ncha vimetolewa kwanza.

Suala la kununua nyingi na kubadilisha siliafiki. Brashi mpya iliyowekwa kwenye kitundu kilichojaa nywele itayeyuka ncha yake kama ile ya kwanza, na mota itaendelea kuvuta umeme mwingi vilevile. Brashi hununuliwa, mota ya brashi pamoja na gia zake ni habari nyingine, maana kuipata hapa nchini ni kazi ngumu na mara nyingi huagizwa kutoka China kwa kungoja.

Kuhusu zulia, manyoya marefu hayafai kwa roboti hata kidogo. Weka mpaka kwenye programu ya simu ili mashine isilipande, au kama ni mashine ya zamani isiyo na ramani, likunje na kuliweka juu ya kochi kabla ya kuiwasha. Ukingo wenye nyuzi unaweza kuukunjia chini ya zulia, na mikeka yenye vishada ipewe tahadhari hiyohiyo. Uzi mmoja wa zulia ukishajizungusha, brashi huwa haiuvuti uzi tu, hujivuta yenyewe kuelekea zuliani, na fremu hupinda.

Mchangiaji wa Lurambi, Kakamega

Nimesoma kwa makini, na naomba niongeze jambo ambalo wenye mashine hizi hatulisemi waziwazi. Katika nyumba nyingi mwenye kununua roboti siye anayeishi nayo mchana kutwa. Anayeiwasha ni dada anayetusaidia kazi za nyumbani, na mara nyingi ameonyeshwa kitufe kimoja tu. Hakuna aliyempindulia mashine akamwonyesha brashi inatokaje, kisha mashine ikikwama yeye ndiye anayelaumiwa kwamba ameiharibu. Sioni kuwa ni haki. Nilipokaa na yule anayetusaidia tukaifungua pamoja, alishika utaratibu mara moja, na sasa yeye ndiye huniambia wakati ncha zinapohitaji kufunguliwa.

Huku kwetu mvua hazikatiki, na udongo mwekundu huingia na viatu. Desturi ni kupiga deki asubuhi, na roboti ikiwashwa sakafu ikiwa bado na maji, brashi huchukua tope na kulipaka nyumba nzima kwa mistari. Tumeamua roboti itangulie, deki ifuate. Ninalotaka kumwuliza fundi ni kuhusu lile gurudumu dogo la mbele, kwa kuwa letu limeanza kuacha mstari mweusi kwenye vigae.

Mwanzilishi wa uzi, Nakuru

Mama, ulilolisema kuhusu dada wa kazi ninaliunga mkono kwa moyo wote, na ningetamani kila anayeleta mashine hapa angekuja na yule anayeitumia. Mara kadhaa nimemweleza mwenye nyumba hatua zote kwa uangalifu, na mashine ikarudi baadaye ikiwa na tatizo lilelile kwa sababu maelezo hayakufika jikoni.

Mstari mweusi maana yake ni kwamba gurudumu haliviringiki tena, linaburutwa. Livute kwa nguvu kiasi kuelekea juu mashine ikiwa imepinduliwa. Katika roboti nyingi hutoka lenyewe bila skrubu. Kisha usukume kijimhimili chake cha chuma kitoke upande mmoja, na hapo utakuta nywele zilizojikaza kati ya gurudumu na fremu yake. Zikate, futa mhimili hadi ung'ae, ukaushe, urudishe. Kama mpira wa gurudumu umelika na kuwa bapa upande mmoja, mstari utaendelea hata baada ya kusafisha, na itabidi ununue jingine. Jambo lako la kutanguliza roboti kabla ya deki ni sahihi.

Mchangiaji wa Lanet, Nakuru

Fundi, mimi nina mbwa wawili wanaoingia ndani, na brashi ya pembeni huisha mikono kila mara. Niliagiza seti ya bei nafuu mtandaoni yenye brashi kuu moja, brashi nne za pembeni na vichujio. Brashi za pembeni zimeingia, ila moja hutoka yenyewe mashine ikigonga mguu wa meza, na brashi kuu hupiga kelele tangu siku ya kwanza. Nitajuaje ya kununua?

Mwanzilishi wa uzi, Nakuru

Ndugu yangu wa Lanet, anza na nambari ya modeli iliyochapishwa kwenye lebo chini ya mashine, wala si jina la kampuni lililo juu yake, kwa sababu kampuni moja inaweza kuwa na mashine mbili zinazofanana kwa sura na kutofautiana kwa urefu wa brashi kwa milimita chache. Milimita hizo ndizo zinazopiga kelele kwako: brashi ndefu kidogo hujisugua kwenye fremu, na fupi kidogo hucheza. Ilinganishe na ile ya zamani kwa kuzilaza pamoja mezani, ncha kwa ncha. Ukiona yoyote kati ya hizo mbili imepita nyingine, usiitumie hiyo mpya.

Pili, tazama vifuniko vya ncha. Brashi nyingi za kuiga huja zikiwa na ncha zilizofungwa kabisa, zisizochomoka. Hizo sizipendekezi hata zikiuzwa kwa bei ya kutupa, kwa kuwa zinakunyima nafasi ya kusafisha mahali penye shida yenyewe. Kama vifuniko vya brashi yako ya zamani bado ni duara na havichezi, mara nyingi vinaweza kuhamishiwa kwenye brashi mpya. Tatu, kwenye brashi ya pembeni angalia tundu la katikati. Likiwa limefinyangwa vizuri hushika mhimili pande zote. Likiwa na plastiki iliyozidi au pembe zilizolainika, litateleza kama hilo lako linavyofanya. Mashine yako kama ina nafasi ya skrubu hapo katikati, hakikisha skrubu imo, maana nimeona watu wakiiacha mezani kwa kuwa brashi ilionekana imeshika bila hiyo.

Kwa mbwa, wapige brashi nje kabla ya roboti kuanza kazi, hasa msimu wanapopukutisha manyoya. Manyoya ya mbwa ni mafupi, hayajizungushi kama nywele za kusukia, lakini hujaza kasha upesi, na kasha likijaa brashi huanza kuyarudisha sakafuni.

Mchangiaji wa Nyamasaria, Kisumu

Fundi, nimefuata hatua zako. Ncha moja ilikuwa na nywele zilizochanganyika na udongo mweusi hadi zikawa kitu kimoja, na baada ya kuzitoa brashi kuu inazunguka vizuri na chaji inatosha nyumba nzima tena. Kimebaki kitu kimoja: brashi ya pembeni inatoa sauti ya kukatika-katika hata nikiitoa na kuiwasha mashine bila hiyo.

Mwanzilishi wa uzi, Nakuru

Ikiwa sauti inaendelea hata brashi ikiwa imetolewa, basi brashi si mhusika. Nywele zimepita chini ya kijimhimili na kuingia kwenye kisanduku cha gia, au jino moja la gia limevunjika. Katika mashine nyingi kisanduku hicho pamoja na mota yake ni kipande kimoja kinachoshikwa na skrubu chache, na hutoka chote baada ya kufungua bamba la chini. Kabla ya kuagiza kipya, kifungue hicho cha zamani juu ya sahani nyeupe ili gia zisipotee, utoe nywele kwa kibano, uhesabu meno ya kila gia na uangalie kama kuna pengo. Meno yakiwa kamili, kirudishe kama kilivyokuwa na ukijaribu kabla hujafunga bamba. Pengo likiwapo, agiza kipande kizima kwa nambari ya modeli, na hadi kitakapofika unaweza kuendelea kuitumia mashine bila brashi ya pembeni, mradi pembe na kandokando ya kuta zipitiwe kwa ufagio.